Paka Anapolala Nyumba ya Watu Wengine



Mwezi huu tunajibu ulizo la mama mumoja. Yeye, bwana yake na watoto walikwenda kwenye kilio mbali na nyumbani, juma mbili nzima. Paka yao wakamuacha kwa jirani. Jirani ni mutu wa roho nzuri. Akamuwekea paka ndakala, akamuwekea na maji. Siku ya kwanza paka akaingia chini ya kitanda. Siku ya pili akabaki kulekule. Watu wa nyumba wakasema: «Iko kimya tu, haisumbue mutu.» Siku ya tano mulango ukabaki wazi, paka akatoka mbio, na tangu siku ile hawakumuona tena. Sasa mama anauliza: «Alikuwa anaikala muzuri, alikimbia juu ya nini? Watoto wananisumbua kila mangaribi, niwajibie nini?»

Pengine unacheka. Utasema: watu wana shida ya mushahara, shida ya maji, shida ya feza ya masomo, na pasta anaandika juu ya paka! Lakini ngoja kidogo. Nyumba nyingi za kwetu zina paka, ao pushi kama wengi tunavyomuita. Yeye ndiye anayelinda mufuko wa mahindi na unga wa bukari mbele ya panya. Watoto wanalala naye. Na sisi watu wa maeneo ya shaba ni watu wa safari: leo kilio Likasi, kesho arusi Lubumbashi, mwezi ujao baba amepata kazi Kolwezi. Kila safari ulizo ni lilelile: paka atabaki na nani?

Jibu letu kwa mama ni hili, na ndilo jambo kubwa la ukurasa wetu wa leo: yule paka hakuwa anakaa muzuri. Alikuwa na woga. Kimya ya paka katika nyumba asiyoijua haifanani na usingizi wake nyumbani. Mutoto akiogopa analia. Paka akiogopa anajikunja na kunyamaza, na sisi tunafikiri ametulia.

Kwanza, kumutafuta aliyepotea

Mama, usikate tumaini haraka. Mwaka 2018 wachunguzi walichapisha habari za paka 1210 waliopotea. Waliona kwamba paka waliopatikana, robo tatu yao walikuwa karibu tu, hawakupita metri 500 kutoka mahali walipopotelea. Ni kusema, paka aliyekimbia kwa woga hakwendi mbali. Anatafuta tundu la kwanza analoliona, anaingia, ananyamaza. Unaweza kupita mbele yake ukimuita, yeye anakusikia, lakini hajibu.

Kwa hiyo, anza na lupango ya jirani mwenyewe, kisha lupango za kandokando. Uombe ruhusa vizuri kwa wenyewe. Angalia chini ya mabati yaliyolundikwa, nyuma ya makala na kuni, ndani ya depo, juu ya dari, katika gari lililoharibika. Rudia usiku, wakati watu wamelala na kelele imepungua, ukiwa na taa na chakula chenye harufu. Mutu anayeita awe mutu wa nyumba yako, si jirani, kwa sababu paka anatambua sauti ya mwenyewe. Na kama nyumba yako haiko mbali, angalia pia huko kila asubui: paka wengi hurudi mahali pa zamani. Watoto uwajibie ukweli: hakukimbia kwa sababu hatupendi, alikimbia kwa sababu aliogopa, na twende tumutafute pamoja.

Sasa tuone namna ya kufanya ili safari nyingine mambo yasiwe vile.

Inchi ambamo paka wana nyumba ya wageni

Kuna inchi ambamo kazi ya kupokea paka ni kazi kamili, yenye malipo na yenye sheria. Wenyewe wakisafiri, wanamupeleka paka kwenye pansio ya paka, ni kusema nyumba ya wageni ya paka tu. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1963 ilikataza mutu kufungua nyumba ya kupokea paka na imbwa kwa malipo bila ruhusa ya serikali ya mahali. Katika England, kanuni za mwaka 2018 zilichukua nafasi ya sheria ile. Zinaomba kwamba paka wa jamaa mbili tofauti wasitiwe katika chumba kimoja. Kila paka apate mahali pa kujificha na mahali pa juu pa kupanda. Tena awe amekwisha kuchomwa shindano za magonjwa makubwa ya paka mbele ya kuingia.

Kwa nini sheria inaingia mpaka katika mambo madogo hivi? Kwa sababu watu wa kazi hiyo wameona tangu zamani kwamba paka ni mugeni mugumu. Kumupa chakula hakutoshi.

Angalia asili yake. Mwaka 2007 wachunguzi waliofuata alama za uzazi ndani ya mwili wa paka wengi walionyesha kwamba paka wa nyumbani dunia nzima wametoka kwa paka wa pori wa Mashariki ya Kati. Huyo ni ndugu wa karibu wa paka wa pori anayeishi katika savana za Afrika. Munyama huyu anawinda peke yake. Hana kundi la kumulinda. Ulinzi wake ni kujua mahali pake: tundu liko wapi, njia ya kukimbilia iko wapi, adui anapita wapi. Imbwa ametoka katika wanyama wa kundi, ndiyo maana imbwa akifika mahali pageni anauliza: «Mutu wangu iko wapi?» Lakini paka anauliza: «Mimi niko wapi?»

Tena kuna jambo la harufu. Umeona paka anavyosugua mashavu yake kwenye mulango, kwenye kiti, kwenye miguu yako? Mashavu yake yanatoa harufu ambayo pua yetu haisikii. Anaiacha harufu ile kila mahali, kama mutu anayeandika jina lake. Katika nyumba yako amekwisha kuandika jina lake siku nyingi. Katika nyumba ya jirani hakuna jina lake hata moja. Kuna harufu ya watu wengine, pengine ya imbwa, pengine ya paka mwingine. Yeye peke yake ndiye mugeni, na hakuna aliyemuambia kama atarudi kwao.

Siku nne za kwanza

Wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Zürich, inchi ya Uswisi, Kessler na Turner, walitaka kujua paka anazoea pansio kwa siku ngapi. Habari zao zilitoka mwaka 1997. Walifuata paka 140 waliopokelewa kwa juma mbili. Hawakuuliza tu «anakula ao hapana?» Waliangalia mwili wote: tumbo, miguu, mukia, masikio, macho, pumzi, sauti. Halafu wakamupa kila paka namba, tangu 1 mpaka 7. Namba 1 ni paka aliyetulia kabisa. Namba 7 ni paka aliyejaa hofu kubwa.

Waliona nini? Woga ulishuka sana katika siku 4 za kwanza. Baadaye uliendelea kushuka polepole. Kati ya paka watatu, wawili walizoea vizuri katika juma zile mbili. Lakini wa tatu alibaki na taabu. Na kati ya paka 100, kama 4 hivi woga wao ulibaki juu mpaka mwisho. Hao hawafai kupelekwa kwa wengine kwa muda kama ule.

Ndugu musomaji, shika vizuri hesabu hii. Inatufundisha mambo mawili. La kwanza: siku ya pili ao ya tatu usihukumu kwamba mambo yameharibika, ni siku za woga, ngoja. La pili: usiseme «paka wote watazoea». Wako wanaoshindwa, na si kwa ubaya wa mutu aliyewapokea. Kama paka wako alishindwa safari iliyopita, usimulazimishe tena; tafuta namna nyingine.

Kartoni moja tu

Sasa, namna gani tunaweza kumusaidia? Katika Uholanzi, mwaka 2014, walichapisha jaribio moja lililofanywa katika nyumba ya kulinda paka wasio na wenyewe. Paka wapya 10 walipewa kila mumoja sanduku la kujificha. Paka wapya 9 hawakupewa. Kisha wakawaangalia wote siku 14. Siku ya tatu na ya nne, wale wenye sanduku walikuwa wametulia kupita wenzao. Wasio na sanduku nao walizoea mwishoni, lakini walichukua siku nyingi zaidi.

Hii ni habari njema kwetu, kwa sababu kartoni haina bei. Kartoni ya sabuni ao ya mafuta ya kupikia inatosha. Iweke katika pembe ya chumba, ikilala upande, na tundu lake lielekee ukuta kidogo ili paka aone bila kuonekana. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunasema: «Tumutoshe chini ya kitanda ili azoee watu.» Tunamuvuta kwa mukia ao kwa miguu, watoto wa nyumba wanakusanyika, kila mumoja anataka kumushika. Hivi hatumuzoeshi, tunamufundisha kwamba mahali hapa hakuna kimbilio hata moja. Anayejificha yuko anafanya kazi ya kuzoea. Umuache aifanye.

Saa ileile, chakula kilekile

Jambo lingine ni utaratibu. Katika Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, Stella na wenzake waliangalia paka 32 kwa juma 77. 20 kati yao walikuwa na ugonjwa wa kibofu cha mukojo, 12 walikuwa wazima. Habari zilitoka mwaka 2011. Juma ambalo mambo yalibadilika ghafula, kwa mufano mutu wa kuwalisha alibadilishwa ao saa ya chakula iligeuzwa, paka walianza kukataa chakula, kutapika, kukojoa nje ya mahali pake. Na jambo la kushangaza: hata wale wazima walifanya vile.

Kwa hiyo, paka anayekojoa juu ya kikwembe cha jirani hana kiburi wala hana pepo mubaya. Mambo yake yote yamegeuka kwa siku moja. Kumupiga kutaongeza woga, na woga utaongeza mukojo.

Namna ya kutofautisha woga na utulivu

Hapa ndipo yule jirani wa mama yetu alikosa kuona, na wengi tungalikosa vilevile. Paka mwenye woga anajikunja, miguu yote chini ya tumbo, mukia umemubana mwili. Masikio yanalala upande ao nyuma. Mboni za macho zimepanuka hata mchana. Anapumua mbiombio. Anaweza hata kufunga macho kama mwenye kulala, lakini kichwa hakianguki, mwili haulegei. Hajilambi. Chakula anakula usiku tu, ao hali kabisa.

Paka aliyeanza kuzoea analala kwa upande, miguu imenyooka. Anajilamba manyoya. Anakula mbele ya watu. Anatembea mukia ukiwa juu. Na siku unapoona anasugua shavu lake kwenye mulango wa jirani, ujue ameanza kuandika jina lake pale.

Wale wanaotaka kumusalimia bila kumuogopesha, wafanye hivi: wakae chini mbali kidogo, wasimukazie macho, wafumbe macho polepole na kuyafungua polepole. Mwaka 2020 wachunguzi wa Uingereza walijaribu jambo hili, na paka walifika karibu na mutu asiyejulikana kupita pale alipowatazama hivi tu. Vijana, jaribuni nyumbani, hakuna malipo.

Mbele ya safari

Basi, tuyashike yote kwa utaratibu.

Kwanza, kama kuna mutu anayebaki kuchunga nyumba, umuache paka pamoja naye. Nyumba yake ni bora kuliko nyumba ya mutu mwingine, hata ikiwa na mutu mumoja tu wa kumupa chakula. Wengi tunamubeba paka bure wakati muloko wetu amebaki nyumbani.

Pili, kama lazima atoke, mumuchague mutu ambaye nyumba yake haina imbwa mukali, haina paka mwingine anayepigana, na haina sumu ya panya. Uliza wazi juu ya sumu. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Tatu, usimubebe ndani ya mufuko wa kufunga na kamba. Anakosa pumzi, na joto la mufuko katika bisi linaweza kumuua. Tumia kitunga chenye kifuniko ao kartoni ngumu yenye matundu mengi. Siku mbili tatu mbele ya safari, ukiache kitunga wazi nyumbani, utie ndani kikwembe anacholalia, ili akizoee.

Ine, kile kikwembe kiende naye, bila kufuliwa. Tunapenda usafi, lakini siku hiyo uchafu wake ni dawa: ndiyo harufu ya kwao. Peleka pia sahani yake na chakula chake cha kila siku. Kama anakula bukari na ndakala kwako, apewe bukari na ndakala kule. Maziwa si lazima. Paka wakubwa wengi yanawaharisha. Maji safi ndiyo ya lazima.

Tano, munganga wa wanyama amuchome shindano ya raje, ule ugonjwa wa kichaa cha imbwa. Paka naye anaupata, naye anaupeleka kwa mutu.

Wakati yuko kwa jirani

Chumba kimoja kinatosha; nyumba nzima ni kubwa mno kwa mugeni mwenye woga. Mulango na dirisha vifungwe. Ndani muwe na kartoni, kikwembe, maji, chakula, na beseni ya muchanga kwa choo. Chakula na choo visikae karibu. Paka hapendi, na wewe pia haungependa. Muchanga usafishwe kila siku, na mama mwenye mimba asiushike, kwa sababu mavi ya paka yanaweza kuwa na mududu anayedhuru mutoto tumboni. Mtu mwingine afanye kazi ile, kisha anawe mikono na sabuni.

Asiachwe kutoka inje hata kama analia mulangoni. Kama ni safari ya juma mbili, akae ndani juma mbili. Na kama jamaa inahama kabisa kwenda kambi ingine, waganga wa wanyama wanashauri kumuweka ndani juma mbili ao tatu mbele ya kumufungulia, ili ajue kwamba sasa pale ndipo kwao.

Kuna mambo matatu ambayo jirani asiyangoje. Paka asiyekula kabisa siku mbili yuko katika hatari, zaidi yule munene: mwili unaanza kutumia mafuta yake, mafuta yanajaa kwenye ini, na ini linaharibika. Paka dume anayejikaza kukojoa bila mukojo kutoka, huyo apelekwe kwa munganga siku hiyohiyo. Njia ya mukojo imeziba, na anaweza kufa. Na mutu aliyeumwa ao kukwaruzwa na paka aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende lopitali siku ileile. Raje ikiisha kuonyesha alama zake kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Watoto waambiwe wasifiche kidonda kwa kuogopa fimbo.

Neno moja tena: usimupe paka paracetamol. Dawa hii inatusaidia sisi, lakini yeye mwili wake hauiwezi. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mukirudi

Mukifika, pengine paka hatawarukia kwa furaha. Anaweza kuwapita kama watu asiowajua, akaenda kunusa pembe zote za nyumba. Musihuzunike, anasoma jina lake mahali lilipoandikwa. Kama mulimuacha paka mwingine nyumbani, yule anaweza kumufokea mwenzake, kwa sababu amerudi na harufu ya ngambo. Muwatenge vyumba viwili siku moja ao mbili, mubadilishe vikwembe vyao, kisha muwakutanishe polepole.

Na jirani mumushukuru. Kupokea munyama wa mwenzako juma mbili, kusafisha muchanga wake, kuangalia kama amekula, ni kazi. Musiende mikono mitupu.

Si kwa paka tu

Wazazi, niseme kidogo jambo lililo karibu. Sisi watu wa safari hatuachi paka tu kwa wengine. Tunaacha watoto pia, kwa shangazi, kwa mujomba, kwa masomo ya kulala. Tunapiga simu: «Mutoto anaikala namna gani?» Wanajibu: «Muzuri, haisumbue mutu.» Na sisi tunashukuru, tunakata simu. Mutoto si paka. Yeye ana kinywa, anaweza kuulizwa. Basi umuulize yeye mwenyewe: anakula na nani, analala wapi, nani anamucheka, nini anakosa kutoka nyumbani. Umupe kitu kimoja cha kwao cha kubeba. Na zile siku za kwanza, usihesabu kimya yake kuwa utulivu mpaka umuone anacheka.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani

1. Tukisafiri kesho, paka yetu atabaki na nani? Nyumba ile ina sumu ya panya? Ina imbwa?

2. Nani kati yetu ataangalia kama amekula, na saa ngapi?

3. Mutu mugeni akifika kwetu na kunyamaza, sisi tunafanya nini ili azoee?

Andikeni majibu yenu, mututumie. Tukutane mwezi ujao.